Deni Lisiitwe Msaada

Kila mwaka, tangu mwishoni mwa majira ya baridi hadi mwezi wa Aprili, vyuo vya Marekani hupeleka barua katika nyumba za wafanyakazi wa nchi hiyo: kwa dereva wa lori, kwa muuguzi wa zamu ya usiku, kwa mama anayetandika vitanda vya hoteli. Barua hizo huanza kwa hongera. Kijana amekubaliwa chuoni, na chuo kina furaha kuiarifu familia yake kwamba kimemtunukia msaada wa fedha. Chini ya hongera hizo pana orodha ya majina na tarakimu. Mwisho wa orodha pana jumla. Zipo barua ambazo jumla hiyo hulingana sawasawa na gharama ya mwaka mzima, na penye nafasi ya kiasi ambacho familia inabaki nacho kulipa huwa pameandikwa sifuri. Mzazi akiiona sifuri hiyo humshukuru Mungu na kuwapigia simu ndugu zake.

Sifuri hiyo ni uongo. Si uongo wa hesabu, kwani tarakimu zote zikijumlishwa hukubaliana. Ni uongo wa majina. Ndani ya orodha inayoitwa msaada yamechanganywa mambo matatu yasiyo na undugu: fedha anazopewa mwanafunzi asizirudishe, ujira wa kazi ambayo bado hajaifanya, na deni ambalo yeye na mzazi wake watalilipa kwa riba kwa miaka kumi, ishirini au zaidi. Kuyaweka matatu hayo katika safu moja na kuyajumlisha ni sawa na mwenye duka kumwandikia mteja katika risiti moja zawadi aliyompa, kibarua alichomwahidi na unga aliomkopesha, kisha akapiga mstari chini na kudai kwamba amemsaidia.

Wapo waungwana, wengi wao wasomi, wanaoliona tatizo hili na kulipatia dawa nyepesi. Husema kwamba wazazi hawaelewi, basi waelimishwe. Huandaliwa semina za jioni katika shule za sekondari, huchapishwa vijitabu, huajiriwa washauri, na siku hizi zimetengenezwa hata programu za simu za kumfafanulia mzazi barua yake. Juhudi hizo si mbaya. Lakini msingi wake una kasoro, kwani hauulizi barua inayohitaji semina ili ieleweke imeandikwa na nani. Haikuandikwa na mzazi. Imeandikwa na chuo chenye maprofesa wa lugha, wa sheria na wa hesabu, chuo ambacho kingetaka kusema "deni" kingesema. Kumpeleka mzazi darasani kwa kosa la mwandishi wa barua ni kumwadhibu aliyeibiwa kwa kutojua mbinu za wizi.

Ichukuliwe barua moja ya mfano, yenye tarakimu za kubuni isipokuwa zile zilizowekwa na serikali. Gharama ya mwaka ni dola 36,000: ada dola 22,000, chumba na chakula dola 10,000, na dola 4,000 zilizobaki ni makadirio ya vitabu, nauli na matumizi madogo. Orodha ya msaada inaanza na ruzuku ya serikali iitwayo Pell, dola 7,395, kiwango cha juu kabisa kwa mwaka wa masomo 2025/26. Inafuata ruzuku ya chuo chenyewe, dola 8,000. Kisha "kazi na masomo", dola 2,500. Kisha mikopo miwili ya serikali kwa mwanafunzi, mmoja wa dola 3,500 na mwingine wa dola 2,000. Mstari wa mwisho una herufi nne tu, PLUS, na mbele yake dola 12,605. Jumla ya msaada: dola 36,000. Kinachobaki: sifuri.

Sasa barua hiyo isomwe kwa jicho la mtu anayelipa. Ruzuku mbili za mwanzo ni msaada kweli, nazo zinafikia dola 15,395. Zikiondolewa katika 36,000, bei halisi ya mwaka kwa familia hiyo ni dola 20,605. Zile dola 2,500 za kazi na masomo hazipo mkononi mwa mtu yeyote. Ni ruhusa ya kutafuta kibarua chuoni. Kijana akikipata atalipwa kwa saa alizofanya, na ujira huo huja kidogo kidogo wakati ankara ya muhula imekwisha kudai haki yake tangu mwanzo. Asipokipata, au akikosa muda wa kukifanya, haoni hata senti. Mkopo wa dola 3,500 una nafuu moja, kwamba serikali hubeba riba wakati mwanafunzi yungali masomoni. Ule wa dola 2,000 hauna nafuu hiyo: riba yake, ambayo kwa mwaka 2025/26 ni asilimia 6.39, huanza kuhesabiwa tangu siku fedha zinapotolewa, kijana akiwa hajajua hata njia ya kwenda maktaba.

Inabaki PLUS, na hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Mkopo huo si wa mwanafunzi. Ni wa baba au mama, kwa jina lake na kwa saini yake. Riba yake kwa mwaka 2025/26 ni asilimia 8.94, nayo huanza kukua tangu siku ya kwanza. Kabla fedha hazijafika chuoni serikali hukata asilimia 4.228 kama malipo ya kuutoa mkopo, hivyo katika zile dola 12,605 zaidi ya dola 530 huishia njiani, na mzazi hudaiwa riba hata juu ya hizo zilizoishia njiani. Ikiwa tarakimu hiyo itarudiwa kwa miaka minne, deni la msingi litakuwa dola 50,420. Hata mzazi akijikaza kulipa riba yote kijana akiwa masomoni, na kiwango cha riba kikabaki pale pale, atapaswa kulipa karibu dola 637 kila mwezi kwa miaka kumi mfululizo, jumla zaidi ya dola 76,000. Kijana akifanikiwa, serikali haina utaratibu wa kulihamishia deni kwake. Mzazi akishindwa, sheria inairuhusu serikali kumwagiza mwajiri akate hadi asilimia 15 ya mshahara wake bila ya amri ya mahakama, na kuyazuia marejesho yake ya kodi. Kufilisika, ambako humvua mfanyabiashara wa Marekani madeni yake mengi, humvua mzazi huyu deni hili baada tu ya kumthibitishia hakimu kwamba yumo katika dhiki iliyopita kiasi.

Na mzazi huyu ni nani? Mtoto wake amepewa Pell kamili, na ruzuku hiyo haitolewi kwa matajiri. Ili kuipata, familia ilijaza fomu ya serikali iitwayo FAFSA, ikaeleza kipato chake, na serikali ikapiga hesabu na kutoa kielezo cha hali ya nyumba hiyo. Tangu mwaka wa masomo 2024/25 kielezo hicho kinaweza kushuka chini ya sifuri, hadi 1,500 hasi. Maana yake ni kwamba serikali imekiri kwa maandishi kuwa nyumba hii haina cha kuchangia. Kisha fedha za serikali hiyo hiyo, kupitia barua ya chuo, zinaletwa mlangoni mwa nyumba hiyo hiyo kwa riba inayokaribia asilimia tisa. Wala hakuna anayemwuliza mzazi atalipa kwa mshahara gani. Kinachotazamwa ni kama ana doa baya katika kumbukumbu za madeni yake ya nyuma. Mtu asiye na kazi kabisa, ilimradi hana doa hilo, anaweza kukubaliwa. Mabepari wa benki, ambao hawajapata kusifiwa kwa huruma, humwuliza mtu kipato chake kabla ya kumkopesha fedha za nyumba.

Mambo hayakuanza hivi. Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Elimu ya Juu tarehe 8 Novemba 1965 huko San Marcos, Texas, katika chuo alichosoma yeye mwenyewe akiwa kijana wa familia isiyojiweza, na akaahidi kwamba mwanafunzi hatafukuzwa mlangoni mwa chuo kwa sababu ya umaskini wa wazazi wake. Mwaka 1972 ikaundwa ruzuku ambayo mwaka 1980 ilipewa jina la Seneta Claiborne Pell wa Rhode Island. Katikati ya miaka ya 1970 kiwango cha juu cha ruzuku hiyo kilitosha zaidi ya robo tatu ya gharama ya mwaka katika chuo cha serikali cha miaka minne. Siku hizi kinatosha kiasi cha theluthi moja. Gharama zimepanda ngazi, ruzuku imebaki uani.

Pengo lililopatikana lilizibwa kwa mikopo. Mkopo wa wazazi uliundwa mwaka 1980, na hapo mwanzo ulikuwa na kikomo cha dola 3,000 kwa mwaka. Mwaka 1992 Bunge liliondoa kikomo, na kwa zaidi ya miaka thelathini mzazi aliweza kukopa gharama yote ambayo misaada mingine haikuifikia. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imerudisha mpaka kwa mikopo mipya kuanzia tarehe 1 Julai 2026: dola 20,000 kwa mwaka na dola 65,000 kwa kila mwanafunzi. Wapo walioshangilia. Lakini mzazi wa mfano uliotolewa hapo juu anapita ndani ya mpaka huo bila kugusa ukingo. Sheria imegusa ukubwa wa deni. Jina la deni imeliacha lilivyokuwa.

Kwamba jina hilo huchezewa si dhana ya wapinzani wa vyuo. Mwaka 2018 taasisi mbili za Marekani, New America na uAspire, zilichapisha uchunguzi wa maelfu ya barua za namna hii. Katika vyuo 455 vilivyotoa mkopo ule wa mwanafunzi usio na nafuu ya riba, mkopo huo mmoja, wa serikali moja na wenye masharti yale yale, ulikutwa ukiitwa kwa majina 136. Kati ya majina hayo, 24 hayakuwa na neno "mkopo" kabisa. Barua saba katika kila kumi zilichanganya aina zote za fedha katika kundi moja bila maelezo. Kiasi cha theluthi moja hazikutaja gharama ya masomo hata kidogo. Zilitaja msaada peke yake, kana kwamba mtu anaweza kujua uzito wa mzigo kwa kuonyeshwa kamba.

Hata Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali, GAO, ambayo hulifanyia Bunge la Marekani ukaguzi na ambayo hakuna awezaye kuiita ya wajamaa, ilifikia mahali pale pale. Katika taarifa yake ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba asilimia 91 ya vyuo ama havikuandika bei halisi katika barua zao au viliiandika chini ya ilivyo: asilimia 41 havikuiandika, na asilimia 50 viliipunguza, ama kwa kuacha baadhi ya gharama au kwa kutoa mikopo katika hesabu kana kwamba ni ruzuku. Kosa likifanywa na chuo kimoja kati ya kumi, huitwa uzembe. Likifanywa na tisa kati ya kumi, na mara zote likamwelekeza mnunuzi upande ule ule wa kununua, linastahili jina jingine.

Inafaa kukumbushwa kwamba Marekani si nchi isiyojua kuandika karatasi ya wazi. Tangu mwaka 1968 ina sheria inayomlazimisha mkopeshaji wa kawaida amwonyeshe mkopaji riba na gharama yote ya mkopo kwa namna moja inayolinganika, kiasi kwamba anayekopa ili anunue gari anaweza kuweka karatasi mbili mezani na kuona ipi ghali. Mikopo ya serikali kwa wanafunzi iliachwa nje ya sheria hiyo. Ina maelezo yake yenyewe, lakini hayo humfikia mtu anapokaribia kutia saini, moyo wa nyumba nzima ukiwa umekwisha hamia chuoni. Sheria nyingine, ya mwaka 1990, inataka kopo la maharage liwe na kibandiko kinachoonyesha kiasi cha mafuta na chumvi kilichomo. Mmarekani anajua chumvi iliyomo katika maharage ya senti chache kwa uhakika kuliko anavyojua deni lililomo katika barua ya maelfu ya dola.

Kuhusu ile ruzuku ya chuo chenyewe, nayo haikosi la kusemwa. Mtu yeyote aliyewahi kununua kitambaa Kariakoo anaifahamu bei ya kuanzia. Muuzaji hutaja kiasi asichotarajia kukipata, kisha hupunguza, na mteja huondoka akidhani ameshinda. Vyuo vya binafsi vya Marekani hutangaza ada kubwa, kisha kwa wastani huwapunguzia wanafunzi wa mwaka wa kwanza zaidi ya nusu ya ada hiyo na kuuita upunguzaji huo tuzo. Kariakoo angalau muuzaji hampi mteja cheti. Tena vipo vyuo ambavyo huwa wakarimu mwaka wa kwanza na kukaza mkono mwaka wa pili, au huifunga ruzuku kwa alama ambazo kijana akizikosa kidogo huipoteza yote, baada ya mkopo wa mwaka wa kwanza kuwa umekwisha mfunga kitanzi.

Msomaji wa Tanzania anaweza kuuliza habari hizi zinamhusu nini. Zinamhusu kwa sababu katika nyumba zinazopokea barua hizi zimo zile ambazo lugha yake ni Kiswahili. Katika miaka ya 2010 na mwanzoni mwa miaka ya 2020 Marekani iliwapokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, na miongoni mwao wamo waliokaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Watoto waliozaliwa au kukulia kambini sasa wanamaliza sekondari katika miji ya Marekani, na wale wenye ukaazi wa kudumu wana haki ya kuomba ruzuku na mikopo ya serikali kama raia. Fomu ya FAFSA katika mtandao iko kwa Kiingereza na Kihispania. Ilipobadilishwa na kutolewa tarehe 30 Desemba 2023, ikiwa imechelewa karibu miezi mitatu, kwa muda mrefu mzazi asiye na namba ya hifadhi ya jamii alishindwa kuikamilisha. Hiyo ilikuwa hitilafu ya mitambo, na aliyeilipia ni maskini. Barua ya chuo huja kwa Kiingereza cha ofisi. Mkalimani wa nyumba ni mtoto mwenyewe, mwenye umri wa miaka 17 au 18, ambaye hamu yake yote ni kwenda chuo.

Mtoto huyo anapofikia lile neno la Kiingereza, hana njia nyingine ila kulitafsiri "msaada". Na mzazi aliyetoka kambini analijua neno msaada kuliko wasomi wote waliotajwa hapo juu. Msaada ulikuwa unga wa mahindi, mafuta ya kupikia, chumvi, blanketi na turubai. Ulipimwa, ukagawiwa, mara nyingi ukapungua. Lakini hakuna siku hata moja ambapo mgawaji alirudi baada ya miaka kumi kudai unga wake pamoja na riba. Kwa mtu huyo kuambiwa "serikali na chuo wamekupa msaada wa dola 36,000" ni kuambiwa jambo lenye maana moja tu. Atatia saini, na atatia kwa shukrani. Hapa hakuna semina itakayotosha, kwani udanganyifu umepita katika neno lenyewe, na neno hilo limetamkwa na mwanawe wa kumzaa ambaye naye hakujua.

Barua kama hizo huja pia Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, kwa wazazi ambao watoto wao wameomba nafasi katika vyuo vya Marekani. Wao hatari yao ni tofauti kidogo. Mwanafunzi wa kigeni anayekwenda kwa viza ya masomo hastahili Pell wala mikopo ya serikali ya nchi hiyo. Anachoweza kupata ni ruzuku ya chuo, nayo inaweza kuandikwa kwa herufi kubwa huku pengo lililobaki likiandikwa kwa herufi ndogo. Ruzuku ya dola 20,000 katika gharama ya dola 60,000 ni habari njema kwa mtu mwenye dola 40,000 kila mwaka.

Nyumbani, jambo moja lilifanywa vizuri nalo lisibezwe. Chombo kilichoundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 kiliitwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Neno mikopo limo katika jina, katika mhuri na katika kila barua. Mdaiwa ni mwanafunzi mwenyewe akishahitimu na kuajiriwa, na makato ya asilimia 15 ya mshahara yaliyowekwa na marekebisho ya mwaka 2016, ambayo wafanyakazi wengi waliyalalamikia kuwa mazito, angalau yalilalamikiwa kwa jina lake halisi. Hata hivyo isisemwe kwamba Watanzania wamekingika na ugonjwa huu. Fedha za kujikimu wanafunzi wameziita "boom", kana kwamba zimelipuka kutoka mbinguni, na wapo wahitimu walioshtuka kwa dhati walipoona makato katika hati yao ya kwanza ya mshahara. Ikiwa hayo hutokea mahali ambapo deni limeandikwa deni, si vigumu kuona yanayotokea pale lilipoandikwa tuzo.

Vyuo vya Marekani vina utetezi wao. Vinasema kila chuo kina mazingira yake, kwamba fomu moja kwa wote itavinyima uhuru, na kwamba vinajirekebisha vyenyewe. Mwaka 2012 serikali ilitoa fomu ya mfano, lakini kwa vyuo vingi ikawa ya hiari. Mwaka 2023 mamia ya vyuo vilitia ahadi ya kuandika barua zilizo wazi, nayo pia ya hiari. Miswada ya kuvilazimisha vyuo vyote kutumia fomu moja na kulitenga deni na ruzuku imewasilishwa bungeni mara kwa mara tangu mwaka 2012, ikiungwa mkono na wajumbe wa vyama vyote viwili, na hadi kumalizika kwa mwaka 2025 hakuna hata mmoja uliokuwa sheria. Hiari ya mtu anayefaidika na giza haijapata kuwasha taa. Ama uhuru wa chuo, huo ni uhuru wa kufundisha na kutafiti. Haukuwahi kuwa uhuru wa kuliita deni kwa majina 136.

Kwa desturi siku ya mwisho ya kukubali nafasi na kulipa amana ni tarehe 1 Mei. Siku ambayo wafanyakazi wa sehemu kubwa ya dunia huandamana kudai haki zao, mfanyakazi wa Marekani huketi mezani kwake na barua tatu zisizolinganika, akitakiwa aamue.

Mpaka hapo sheria itakapotungwa, mzazi huyo anabaki na kalamu yake. Aandike kwanza gharama yote ya mwaka, na kama barua haikuitaja, aidai kwa maandishi katika ofisi ya chuo inayohusika na fedha. Kutoka hapo atoe ruzuku tu, yaani kila fedha ambayo chuo kitakubali kuandika kwamba hairudishwi, na aulize kama zitaendelea mwaka wa pili, wa tatu na wa nne, na kwa masharti gani. Kinachobaki ndicho bei. Mapato ya nyumba yakiwa yamepungua tangu fomu ilipojazwa, kwa ugonjwa, kifo au kuachishwa kazi, sheria inaipa ofisi hiyo mamlaka ya kuipitia hesabu upya, nayo haifanyi hivyo mpaka iombwe. Na ule mstari wa mwisho, wenye herufi nne, hauna nguvu yoyote kwa kuandikwa tu katika barua. Haulipwi hadi mzazi mwenyewe aombe mkopo na kutia saini hati yake ya kuahidi kulipa. Anaweza kuchukua pungufu ya kiasi kilichoandikwa. Anaweza kuukataa wote, na kuukataa hakufuti ruzuku ya Pell wala ruzuku ya chuo.